Kasha la Krakow

Thornton Heath, London
3 Machi 2007

Dada yangu Ummukulthum,

Assalaam alaykum. Hujambo na goti lako? Wajukuu wazima? Sie huku tuzima, alhamdulillahi, baridi tu ndiyo haituachi.

Nakuandikia kwa sababu simu haina siri. Mwanangu Suad hujibu kwa Kiingereza, lakini Kiswahili anakisikia chote.

Dada, Mbarouk ana jambo. Unajua anapika kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wazee wengi pale ni Wapolandi, na mpishi mwenziwe ni mama wa Kipolandi, mjane. Sasa bwana anataka kwenda Krakow, mji wa kale wa huko kwao, siku nne, ati kuonja vyakula na kuona utamaduni. Mume huyu huyu, miaka ishirini na moja ya ndoa, hajanipeleka hata Brighton.

Juzi nikamsikia kwenye simu na huyo mama. Kiingereza kitupu, mara "kasha". Mara tatu. Wewe unajua mwanamume hupeleka kasha kwa nani. Langu mie ulilipokea wewe mlangoni, na nguo zangu za harusi ndani. Nikamuuliza, "Kasha la nani?" Akakauka. "Nani kakwambia habari ya kasha?" Nikamwambia nimekusikia kwenye simu, ukitaja kasha na Krakow. Hapo akacheka mpaka akakaa chini, akasema basi twende sote, ukalione mwenyewe.

Nakwenda. Niombee dua.

Mdogo wako,
Mardhiya


Krakow
24 Machi 2007

Dada mpenzi,

Salamu nyingi, na goti nalo nalisalimu. Ile barua yangu ichane, nimeona haya.

Mji ni mzuri, siwezi kusema uongo. Kiwanja kikubwa katikati, mikate ya duara yenye ufuta inauzwa kwenye vigari, na kila saa mtu hupiga tarumbeta juu ya mnara wa kanisa, wimbo ukakatika katikati kama aliyepaliwa. Chakula nilikiogopa kwa ajili ya nguruwe. Kila mkahawa nauliza mara mbili, Mbarouk anasema nitafukuzwa. Tumekula vitu kama sambusa za kuchemsha, ndani viazi na jibini. Pilipili hawaijui.

Jana msichana wa mkahawa kaniwekea bakuli, akasema, "Kasha." Ni nafaka, dada. Nafaka ya kahawia, imechemshwa kama ngano ya boko-boko kabla ya kupondwa. Mbarouk akaniambia, "Haya biharusi, kasha lako limefika, mbona hupigi vigelegele?" Nikala na aibu yangu. Na yule mjane nimemwona kabla ya safari: anakaribia miaka sabini, na meno ya mbele hana.

Kitu kimoja tu. Kaninunulia shanga za kaharabu, ghali, wala sikumwomba. Nazitazama najiuliza za nini. Lakini kumdhania mtu vibaya ni dhambi, nimejikataza.

Mdogo wako,
Mardhiya


Kikwajuni, Unguja
27 Machi 2007

Mdogo wangu Mardhiya,

Waalaykum salaam. Goti ni lile lile. Barua yako ya tarehe tatu imenifika jana, sikulala.

Nilipoona neno kasha nikajua habari imekufikia, ila imekujia kwa njia ya mbali. Achana na Wapolandi. Kasha ni la hapa. Mbarouk alipokuja mwaka jana kwenye msiba wa mama yake, alioa. Mwanamke wa Fuoni, kaachika, hana mtoto. Nilinyamaza nisikuvunjie nyumba. Nilisema labda atamwacha, hajamwacha.

Usidhani mwanamke huyo kakupita. Kasha lenyewe la kawaida, misumari ya shaba michache. Ndani doti sita za kanga, udi, na saa iliyomzidi mkono, ikabidi itiwe pini. Lako lilikuwa bora.

Nisamehe.

Dada yako,
Ummukulthum


Thornton Heath
14 Aprili 2007

Dada,

Assalaam alaykum. Natumai goti limepata nafuu. Sie tuzima.

Barua yako nimeisoma baada ya Alasiri, nikaswali Maghribi, nikaisoma tena. Mbarouk sijamwambia kitu. Yuko jikoni anajifunza kupika ile nafaka ya wazee wake, anaimba. Mke wa pili dini imemruhusu, sibishani na Mungu. Kunificha ndiko nitakakomuuliza, na nitamuuliza.

Lakini nimeanza na wewe. Kasha la harusi halifunguliwi barabarani. Hufunguliwa chumbani kwa biharusi, mbele ya wanawake walioalikwa, nao hukaa mkekani wakatazama kitu kimoja kimoja. Wewe umehesabu kanga. Umeona saa ikimzidi mkono, na pini ikitiwa. Hukuhadithiwa, dada. Ulikuwepo.

Sikuulizi mwanamke huyo ni nani, wala mzuri kiasi gani. Nakuuliza ulialikwa na nani, na pale mkekani walipotaja jina langu, wewe ulisema nini.

Tafadhali nijibu upesi.

Mdogo wako,
Mardhiya