Mafuta ya Mashine

Jumatatu, 4 Machi

Mzee wangu wa samli,

Tangu moyo wako usimame, dada yako haruhusu tone la mafuta jikoni. Maharage ya kuchemsha, mchicha wa kuchemsha. Nimemwuliza wifi lini atanichemsha na mimi – kasema nisubiri zamu yangu.

Njaa haiishi, basi najazia mkate na wali mweupe. Leo daktari kaniambia kisukari kimepanda. Nipimwe tena mwisho wa mwezi; kisiposhuka, naanza sindano. Mimi, ambaye hata sindano za cherehani yako zilinitoa jasho!

Jumatano, 6 Machi

Muuguzi wa lishe kauliza ninakula nini. Wifi kajibu kwa fahari, kama mpishi wa harusi. Muuguzi kacheka: tumemfukuza mwizi mlangoni, tukamfungulia mwenzake dirisha. Wali na mkate wote ule hugeuka sukari mwilini. Samli na shahamu ya nyama zipungue sana, kwa ajili ya moyo. Lakini alizeti, karanga, parachichi, samaki – mwili unavihitaji. Kwa kijiko, si kwa upawa.

Wifi kasema mafuta yamemwua kaka yake.

"Pole, mama," muuguzi kamwambia. "Ila huyu bado yupo. Mwache ale."



Jumamosi, 9 Machi

Nimefagia chini ya cherehani. Kopo lako la samli! Alama ya kidole chako bado imo. Kumbe ndiyo maana suruali ya mwalimu ilirudi na doa, nawe ukaapa ni mafuta ya mashine.

Nimemwonyesha wifi. Kacheka mpaka kalia. Kisha katia kijiko kimoja cha alizeti kwenye mchicha. Wali, robo sahani tu.

Samli tumeimwaga. Kopo nimeliosha, nimetia vifungo vyako.

Jumatatu, 25 Machi

Benchi la kliniki. Sijala tangu jana, damu wameshachukua. Parachichi langu analo wifi mkobani, nilile tukimaliza. Ameacha kunitania. Naona naye anaogopa.

Kanishika mkono. Wake unateleza – nusu ya parachichi keshaila! Namtazama. Anasema ni mafuta ya mashine.

Muuguzi katoka na karatasi ya majibu. Anatutafuta kwa macho.

Mzee wangu, nikumbuke.