Ramani ya Sheshe Ukutani

Lipangalala, Jumanne, Agosti 1996

Leo nimeikuta ramani ya yule mtafiti niliyemwongoza porini imebandikwa ukutani ofisi ya wanyamapori, pale pale wawindaji wanapopanga foleni ya vibali. Duara jekundu linaonyesha sheshe, wale swala wa bondeni, wanapoficha watoto wao. Mahali hapo nilimwonyesha mimi, kando ya mahame ya kijiji tulichohamishwa.

"Shikamoo mzee. Tumeibandika ili sote tushirikiane," bwana nyama, ofisa wa pale, akaniambia kwa fahari.

"Marahaba. Na hawa wa foleni, mnashirikiana nao?"

Akageuka. Mmoja wao alikuwa ananakili lile duara kwa kalamu kiganjani.

Bwana nyama aliing'oa ramani hadi ikachanika. Yule mtu alikwishafumba kiganja. Aliponipita mlangoni akaniamkia, shikamoo, kwa heshima zote.

Nami nikaitikia.