Regina Anasimulia Yote

Odilia, nimetoka kwa bibi Fausta sasa hivi, mbavu zinaniuma. Unajua mama yangu akisikia neno lazima alirudie lote? Leo nimejua alikoanzia!

Mwaka sabini na nane, Mamboya. Shule ilikuwa ng'ambo ya mto, basi bibi akawa anawafundisha wanawe jikoni. Hakuna fimbo. Anawasomea hadithi, kisha mtoto anasimama na kuisimulia yote bila kuacha kitu.

Siku moja afisa elimu akaja. Watoto wakionekana hawajui kitu, babu anapelekwa Kilosa kushtakiwa kwa kutowapeleka shule.

Afisa akamwita mama, wakati huo ana miaka saba. "Regina, leo umesikia nini? Simulia."

SIMULIA! Kwa mtoto yule!

Regina akaweka mikono nyuma. "Asubuhi mama alisema afisa akija tumwamkie vizuri, na tusilicheke tumbo lake."

Tumbo lake, Odilia! Bibi alitamani ardhi ipasuke.

"Endelea," afisa akasema, uso umemkauka.

"Halafu Ndugu Afisa alipofika mlangoni alimwambia dereva, 'Hawa wa milimani hawajui kitu. Tumalize upesi tukale kuku.'"

Aliyeanza kucheka ni dereva. Afisa naye akashindwa kujizuia.

"Mama Regina, endelea kufundisha," akasema. "Ila huyu usimlete ofisini kwangu."

Bibi anayasema hayo, mama yuko pembeni anachambua mchicha, hata macho hainui.

"Kuku wawili, mama. Alisema kuku wawili."