Sikuja Amerika Kuitwa Rahab

Minneapolis, Minnesota,
19 Oktoba 2014.

Mpendwa Shangazi Roselida,

Mwanao Nanjala anakusalimu sana. Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Na mama yenu Kukhu bado anakataa uji usio wa wimbi? Mimi ni mzima, ingawa midomo imepasuka kwa baridi, na wenyeji wananicheka, eti baridi yenyewe bado haijafika.

Najua unaisoma barua hii ukiwa umenikasirikia. Baba aliniambia kwa simu kwamba Baba Mdogo Zadock, ndugu yenu, amewaeleza nilitoroka kwake kwa kiburi, na kwamba ukoo unataka niombe msamaha. Wewe ndiwe uliyenilea, Shangazi. Nisikilize kwanza.

Baba Mdogo alinipokea vizuri, hilo silikatai. Alinichukua uwanja wa ndege akicheka, tukaenda kwake Brooklyn Center, na mkewe Rahab alikuwa amesonga ugali. Asubuhi nikamwambia Baba Mdogo kwamba sisi wanafunzi wa kigeni tunatakiwa chuoni na pasipoti zetu, tuandikishwe kabla masomo hayajaanza. Akapunga mkono. "Hiyo ingoje. Leo tunaenda Golden Valley. Nimekupatia job."

Huko rafiki yake, Kamau, ana nyumba ya kutunzia wazee. Tukiwa garini ndipo aliponieleza mpango. Nifanye zamu za usiku, nipunguze masomo, na kwa kuwa viza yangu hainiruhusu, nifanye kazi kwa jina la Rahab, ambaye ni raia. Kitambulisho chake nikivae kifuani.

"Wazungu hawatutofautishi," akasema.

Nikacheka nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka.

Kesho yake nilipanda basi peke yangu, nikashuka mahali sipo, nikauliza njia hadi nikafika chuoni. Pasipoti yangu ikaandikishwa, kisha mama mmoja wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni akatueleza masharti. Mwaka wa kwanza tunaruhusiwa kazi za ndani ya chuo tu, masomo yasipunguzwe, na anayefanya kazi kwa siri anaweza kupoteza haki yake ya kukaa hapa. Nikainua mkono, nikauliza: na mtu akifanya kazi kwa jina la mwingine? Yule mama akanitazama, akasema polepole, "Asifanye. Hata siku moja."

Msichana wa Kericho aitwaye Chepkemoi, mwanafunzi wa zamani aliyekuja kuwasaidia wageni, alinifuata nje. "Ni nani anakusukuma?" akaniuliza. Nikamweleza yote, machozi yakinitoka kwa hasira.

Jioni hiyo Baba Mdogo alikuwa ameita wanaume wawili wa kanisani waje kuninyoosha. Shangazi, ulinifunza kunyamaza wakubwa wanapozungumza, nami nilinyamaza mpaka aliposema, "Sisi wote tuli-hustle hivi. Wewe ni nani ukatae?"

"Wewe ulikuja na green card, Baba Mdogo," nikamjibu. "Mimi nikishikwa, ni nani atakayepandishwa ndege?"

"Kwa nyumba yangu watu hufanya kazi."

"Nitafanya. Kwa jina langu."

"Basi tafuta nyumba ambayo jina lako linalipa rent!"

Rahab alikuwa ameinamia sahani yake. Nilifunga masanduku yangu, nikampigia Chepkemoi, akaja kunichukua kwa gari la kuazima. Kwa hiyo sikutoroka. Nilitoka mlangoni, watu wazima wakinitazama.

Sasa naishi na Chepkemoi karibu na chuo. Naosha vyombo katika bwalo la wanafunzi, kazi ya halali, na kifuani nimebandikwa NANJALA. Kuna wanaoniita Nanjela, kuna wanaoniita Nancy. Nawasahihisha mpaka waseme sawasawa. Masomo yote niliyojiandikishia nayasoma, na mtihani wa kwanza wa kemia nimeufaulu vizuri.

Juma lililopita Rahab alikuja bwaloni akiwa na koti zito mkononi. Nilidhani ametumwa. Akanivalisha lile koti, akafunga vifungo vyote kama ulivyokuwa ukinifungia wewe, ndipo akasema, "Lilikuwa jina langu, na hakuniuliza hata mimi." Tulishikana pale mlangoni, vyombo vikinisubiri.

Kwa hiyo waambie wazee hivi: msamaha sitauomba. Nikikosa siku nyingine nitapiga magoti bila kuitwa, lakini hapa sikukosa. Wala Baba Mdogo simchukii. Leo nimeenda kanisani kwao makusudi, nikamngoja mlangoni baada ya ibada, nikamsalimia kwa Kibukusu kwa sauti kila mtu asikie, nikanyoosha mkono. Aliutazama. Watu walijaa nyuma yake, wasiweze kupita. Mwishowe akanipa vidole viwili, akaenda zake. Jumapili ijayo nitamnyooshea tena, mpaka anipe mkono mzima.

Nisalimie Kukhu, Baba, na kaka Murunga pamoja na watoto wake. Mungu aliyenivusha mbali hivi akutunze mpaka nirudi na cheti chenye jina mliloniita nyinyi.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata ukinikasirikia,
Nanjala