Madaftari Niliyoyaficha Eda Nzima

Baba Nuru,

Sijui salamu zinafikaje huko uliko, kwa hiyo naziandika kwa kalamu kama ulivyopenda, maana ulikuwa unasema maneno ya simu hayana uzito. Ni mchana, Nuru amelala. Nina kama nusu saa kabla hajaamka na kuanza kuita kila mtu mtaani "babu".

Kuna jambo nililolifanya ambalo sijamwambia mtu, hata mama yako. Nakuambia wewe kwanza.

Lile begi la kijani, lenye madaftari ya wanafunzi wako wa kidato cha pili, yale waliyoandikia mashairi. Siku tatu baada ya kukuzika, mkuu wa shule alituma mtu kuliulizia. Mama yako akaja kwenye pazia la mlango wangu, akaniuliza, "Mama Nuru, kuna begi la wanafunzi humu?" Nikasema sijaliona. Baba Nuru, nilikuwa nimelikalia. Lilikuwa chini ya godoro, upande wangu wa ukutani.

Nilikuwa eda, unajua. Miezi minne na siku kumi, chumba kimoja, nguo nyeupe, marashi hakuna, dukani hakuna. Watu wanaleta uji, wanaleta dua, wanaondoka. Mimi nabaki na hilo begi. Kila daftari lina mwandiko wako mwekundu. Nani angenitoa kwenye mwandiko wako?

Wale watoto walikuja mara mbili. Nilikuwa nawasikia mlangoni na mama yako: "Shikamoo bibi." "Marahaba wajukuu, Mama Nuru yupo eda, nendeni salama." Mara ya pili sauti moja ya kike iliuliza, "Bibi, hata daftari langu tu?" Nikajifunika shuka mpaka kichwani kama mwizi. Na nilikuwa mwizi kweli.

Basi nikayasoma. Kidato cha nne changu unakijua, Kiswahili nilipata C na nikashukuru. Mashairi nilikuwa nayajua kwa zile khanga tu. Unakumbuka ulivyokuja pale duka la Mangi, ninakouza khanga, na watoto wa shule kumi na kitu, mkajazana mbele ya vitambaa mnasoma majina ya khanga kwa sauti? Mangi akakuuliza, "Mwalimu, hapa dukani au darasani? Wateja wangu wanakanyagwa." Ukamjibu, "Vyote viwili, Mangi, ila leo hununui wala huuzi, leo unajifunza." Nikacheka nikiwa nimeshika fimbo ya kupimia vitambaa. Ukanigeukia, ukaniomba nisome ile niliyokuwa naikunja. Nikasoma: *Sina neno na jirani, neno langu ni la ndani.* Ukahesabu kwa vidole juu ya meza, nane, na nane tena, ukawaambia wanafunzi, "Mnaona? Vipande viwili, mizani nane nane, na vina vyake. Dada huyu anauza robo ya ubeti na hajui." Siku ile nilikuona una maringo. Wiki iliyofuata ukarudi bila wanafunzi.

Baadaye ukawa unasahihisha huku umekaa mkekani nyuma yangu, mimi namnyonyesha Nuru, na mizani unaihesabu begani kwangu. Vidole vinne mara mbili, unavuta pumzi, mara mbili tena. Ukigonga saba ukasimama, nilijua kuna mtoto amekosea. Nilikuwa nalalamika, "Mimi si ngoma, Baba Nuru." Sasa bega langu lipo tu. Hakuna anayeligonga.

Kwa hiyo huko eda nikajifunza kwa kukufuata kwa nyuma. Ulichozungushia duara, nilihesabu mpaka nikaona kosa. Ulipoandika "tashihisi nzuri", nikasoma tena na tena mpaka nikaelewa: mtoto ameipa mvua miguu, mvua inatembea kama mtu. Ulipoandika "shairi si lumbesa" nilicheka peke yangu, maana kumbe maneno ya sokoni uliyapeleka shuleni. Mtoto alikuwa amejaza "wallahi jamani kweli" ili mizani itimie, kama wale wanaosindilia gunia la viazi mpaka linaota kichwa. Nilicheka, halafu nikalia, halafu mama yako akauliza kama nataka maji.

Daftari la mwisho lilikuwa la Zawadi, yule binti wa Jangwani. Pembeni ya ubeti wake kuna nukta moja nyekundu. Hakuna neno, hakuna alama, nukta tu, mahali ulipoweka kalamu ukawa hujaandika. Naijua hiyo nukta. Ni ile jioni niliyokuita, "Baba Nuru, njoo ule, wali unapoa." Ukasema unamaliza hili moja. Nikakuita tena, kwa ukali. Ukafunika kalamu ukaja. Asubuhi ukaenda kazini, na mchana wakakurudisha wamekubeba.

Ubeti wenyewe ni huu:

*Maji yamekuja ndani, mama ameshika mwana,*
*Godoro limo majini, na njia hatujaona,*
*Bibi yuko kitandani, anatuita kwa jina,*
*Na maji yalipotoka, bibi*

Umeishia hapo. Nikaona mtoto amesahau kumaliza. Nikaona pia, Mungu anisamehe, kwamba hii ndiyo kazi uliyoniachia. Nikahesabu begani kwangu mwenyewe, mkono wa kulia juu ya bega la kushoto. Nikachukua kalamu yako nyekundu, nikaiga mwandiko wako, nikamalizia: *bibi hatujamuona.* Mizani nane. Kina "na", kama mishororo ya juu. Nilifurahi, Baba Nuru. Miezi yote ile, ndiyo siku niliyokula chakula nikasikia ladha.

Eda ikaisha. Nikaoga, nikavaa, nikarudi kwa Mangi. Jumamosi ya kwanza nikabeba begi hadi dukani na kumwita Zawadi na wenzake waje wachukue madaftari yao. Niliwaambia ukweli, kwamba nilikuwa nayo muda wote. Mmoja akasema, "Poa tu, mama, sisi tulishanunua mengine." Nikaona aibu zaidi kuliko kama wangenisema.

Zawadi akafungua lake palepale, katikati ya marobota. Nikasubiri afurahi. Akasoma, akafunga. Akafungua tena.

"Mama, hapa ameandika mwalimu?"

Nilitaka kusema ndiyo. Kalamu yako, mwandiko wako, nani angejua? Nikasema, "Hapana mwanangu. Ni mimi. Niliona hujamaliza."

Akaniangalia kwa upole, kama mimi ndiye mtoto. "Nilimaliza, mama. Nilimwambia mwalimu kila nikiandika neno baada ya bibi naona uongo. Akasema niache hapohapo, darasa likifika hapo litanyamaza lenyewe." Halafu akasema polepole, "Bibi tulimwona. Maji yalipotoka, tulimwona."

Nilikaa chini kwenye robota. Mangi akageuka akajifanya anapanga vitenge.

Nimesindilia lumbesa kwenye msiba wa mtoto. Na kosa langu lina mizani kamili na vina kamili, hakuna mwalimu angelizungushia duara. Nilimwomba radhi. Nikachukua kalamu nikafuta maneno yangu kwa mstari mmoja mnyoofu, kama ulivyokuwa unafanya, yasomeke ili kosa lijulikane. Pembeni nikaandika "kosa la Mama Nuru". Zawadi akacheka kidogo. Akataka kuondoka na daftari, na mkono wangu, Baba Nuru, mkono wangu ukalishika. Nukta yako ilikuwa humo. Akavuta kidogo, sikuachia. Akasubiri. Hakuvuta tena.

Nikaliachia.

Wiki iliyofuata alirudi na wenzake watatu. Eti wana mtihani, eti mwalimu mpya anaenda mbio, eti mama tufundishe kama mwalimu. Niliwaambia mimi si mwalimu, mimi nakunja khanga. Wakakaa. Basi kila Jumamosi baada ya saa tisa, biashara ikipoa, tuko nyuma ya duka. Tunasoma khanga, tunapiga makofi mizani, Nuru anapiga ya kwake isiyoingia popote. Simu zote zinaingia kwenye kapu. Anayebisha anatoka, sina mchezo. Nisilolijua nawaambia silijui, tunalitafuta pamoja. Mangi analalamika, ila juzi nimemkuta anamhesabia mteja jina la khanga kwa vidole.

Mimi nachoka. Miguu inavimba, mtoto anataka kubebwa, nikifika nyumbani mkeka ni mpana mno. Watu wananiambia mdogo bado, utapata mwingine, kama vile wewe ulikuwa sufuria. Nawaitikia tu.

Zawadi alinipa kazi ya nyumbani, yeye kwangu. Ubeti mmoja. Nimejitahidi, mizani nimeihesabu mwenyewe:

*Nimeosha vyombo vyote, nimefagia dukani,*
*Nuru hula chake chote, hulala mapema ndani,*
*Nakungoja siku zote, kalamu ipo mezani,*
*Wali umepoa wote, Baba Nuru*

Mizani nne zimebaki. Maneno ya kujazia ninayo, hata matatu manne, na yote yana kina. Nakuahidi sitayaweka. Nakuahidi pia watoto wako wa kidato cha pili sitawaacha mpaka wafanye mtihani wao, na Nuru nitamfundisha kuhesabu begani kwangu mkono wake ukishafika.

Ameamka, anaita babu. Kaa salama mume wangu. Naenda kumchukua.

Mama Nuru