Bunduki za Gumegume na Swala Wako

Mpendwa Baba,

Leo nimeketi kwenye kigoda chako, pale ulipochonga vinyago mpaka vumbi la mti wa muhugu likakutia mvi kabla ya uzee. Nakuandikia kwa sababu sikukuzika, na jambo hilo bado linaniuma.

Unakumbuka nilipokuuliza, nikiwa shule ya msingi, kwa nini huandiki jina lako chini ya swala unaowachonga? Ulicheka. "Mnunuzi anataka swala, hataki Nzioka." Ukanionyesha sikio la kushoto, ambalo kila mara ulilipinda kidogo. "Mnyama akisikiliza, masikio hayakai sawa." Swala wote waliuzwa wakatusomesha, na wa mwisho walimlipa ajenti aliyenipeleka Saudia kuwa dereva. Nyumbani hakubaki hata mmoja.

Bosi wangu wa Riyadh alikuwa mzee mpole aliyesomea Marekani, akarudi na ugonjwa wa kukusanya bunduki za kale za huko, ndefu karibu kunipita, zinazofyatuka kwa cheche za jiwe la gumegume. Ungezipenda, Baba, hasa mbao zake. Vitako vimechongwa maua na majani, na mafundi wengi wamechora majina yao juu ya mtutu. Walikufa zamani, lakini bosi aliwataja kama majirani zake.

Siku moja, akiwa safarini Marekani, alinituma bandari ya Jeddah nikachukue kasha la bunduki aliyoinunua mnadani. Nikiwa kwenye foleni, Mama akapiga simu, akasema umetutoka. Bosi alikuwa bado Marekani, na pasipoti yangu ilikuwa kwenye sefu yake. Aliporudi, ulikuwa umeshazikwa. Nilimkasirikia sana, wala sikumficha.

Aliniomba radhi, kisha tukafungua kasha pamoja. Juu ya mtutu hapakuwa na kitu.

"Bosi, mafi jina," nilimwambia kwa Kiarabu changu kibovu kwamba hakuna jina, nikidhani ametapeliwa, na moyoni nikafurahi kidogo.

"Mafi shida. Fundi huyu namjua." Alipitisha kidole kwenye jani lililochongwa kitakoni. "Hakuna mwingine aliyekata jani hivi."

Miezi baadaye nilimpeleka mtaa wa Sulimaniyah, humo humo Riyadh, kununua taa. Kwenye rafu ya duka, katikati ya mitungi, alisimama swala wa muhugu, sikio la kushoto limepinda.

"Bosi, huyu amechongwa na baba yangu."

Muuzaji alicheka, akasema swala huyo ametoka India. Bosi alimgeuza swala, akatafuta jina, hakuliona. Hata hivyo akalipa bila kuuliza bei mara ya pili, akanikabidhi. Nililia ndani ya gari huku yeye akinisubiri kiti cha nyuma. Hasira yangu kwake iliishia hapo.

Sasa nimemaliza mkataba, nimerudi. Jana nilimweka swala mezani, nikachukua patasi yako nichore Nzioka chini ya tumbo lake. Niliogopa, Baba. Hao mafundi wa Marekani wanatajwa mpaka Uarabuni, na wewe ungepotea hivi hivi.

Mama alinishika mkono.

"Acha, Kioko," alisema. "Humu ndani nani asiyemjua fundi wake?"

Patasi nimeirudisha mahali pake. Pumzika, Baba.

Mwanao aliyekosa maziko yako,
Kioko