Uchuro Kwenye Waraka wa Wawekezaji

Elias, Luhende kampiga wakili. Mbele ya wawekezaji!

Si unajua tunatafuta watu wa kuweka mtaji kwenye vizimba vyetu vya samaki? Wakili wetu Rugemalira alituandalia waraka wa kuwapa, unaotaja hatari zote za biashara kabla hawajatoa hela. Leo kausoma kwa sauti pale ofisini Kirumba. Maji kuchafuka, samaki kufa, Luhende anatikisa kichwa tu, anakubali.

Halafu akasoma: "Mkurugenzi Luhende akifariki, kampuni inaweza kuanguka."

Akifariki! Na mdogo wake tumemzika mwezi uliopita, alizama palepale kwenye vizimba.

Luhende akauliza taratibu, "Nani anafariki?"

"Ni utaratibu tu, mzee. Kila kampuni inaandika hivyo."

"Yaani unaniandikia uchuro, halafu unawasomea wageni?"

Akamrukia. Ngumi ya kwanza mdomoni. Ya pili ikamwangusha, damu ikatapakaa kwenye karatasi. Watu wanne wamemshika Luhende na bado anarusha mateke, anafoka, "Andika na wewe unakufa! Andika!"

Elias, akifariki! Kwa hilo tu!

Mama Leonsia, yule mwenye mtaji mkubwa, akachukua mkoba wake. "Na hatari hii mbona hamkuiandika?" Akatoka, wenzake wawili nyuma yake.

Sasa wakili hana meno mawili na taya limevunjika. Luhende yuko mahabusu. Wawekezaji wote watatu wameondoka. Na samaki wa vizimba sita hawana chakula cha kesho.